Ukuta Uliovalishwa Vitenge

Mdogo wangu wa kike alikuwa anakohoa kwetu Musinzira, akifika kwa bibi, mama yake Baba, kule Gasorwe mkoani Muyinga, anaacha. Baba alisema ni hewa ya kule. Bibi akasema mtoto anajua anakopendwa, na Mama hakucheka.

Baada ya likizo ya Pasaka alirudi nyumbani, mvua bado zinanyesha, kikohozi kikaanza tena. Bibi akapiga simu: mtoto ahamie kwake moja kwa moja, asome hukohuko. Baba akaona si vibaya. Mi sikusema kitu, mi si mtu wa kusema. Lakini tumelala kitanda kimoja tangu alipoacha kunyonya, na sikutaka aende.

Mama akatupeleka kituo cha afya. Muuguzi akauliza mtoto analala wapi.

"Mahali pasafi kabisa," Mama akajibu. "Nyumba yangu napiga deki kila siku."

Ni kweli. Ila kitanda chetu kiko sebuleni, na ukuta wake Mama aliufunika kwa vitenge alivyorudi navyo kutoka Tanzania, kwa sababu wanajumuiya wa kanisa huja kwetu kusali zamu yetu ikifika na ukuta ulikuwa na madoa. Wageni wote walivisifu. Mi nalala upande wa ukutani, nilijua ni vya baridi na vinanuka kama gunia lililolowa.

Nikaangalia viatu vyangu nikasema, "Nyuma ya vitenge ukuta iko na maji. Ni mweusi."

Muuguzi alituambia kuvu huweza kuamsha kikohozi cha namna ile. Akatoa dawa, akasema tusifute madoa tu, tutafute maji yanapoingilia. Njiani nilingoja kugombezwa. Tulipofika nyumbani Mama akang'oa misumari, vitenge vikaanguka. Weusi ulitoka sakafuni ukanifika kifuani. Akakaa kitandani.

"Ukuta unaoza, mi nauvalisha," akasema. Halafu akanivuta nikae karibu yake. Hakunigombeza, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Baba ndiye aliyeumia. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, na alijinyima sana mpaka akaipiga sementi ndani na nje, ifanane na za mjini. Kumbe maji ya mlimani yalikuwa yanaingia chini ya ukuta, na sementi inayazuia kutoka. Alizunguka nyumba akisema sementi ile ilikuwa nzuri. Halafu akachukua jembe, akachimba mfereji nyuma, akabandua sementi yote ya ukuta ule. Mama na mimi tulisugua kwa brashi na sabuni, vitambaa puani, dirisha wazi. Vitenge vingine vilichemshwa, vingine vilichomwa.

Walikubaliana na bibi hivi: mdogo wangu amalize mwaka wa shule Gasorwe wakati ukuta unakauka. Mwezi wa tisa arudi. Mvua zikianza akakohoa tena, basi atahamia kule.

Alirudi amenenepa, anaringa na maharage ya bibi. Kitanda sasa kiko katikati ya sebule, wanajumuiya wanakizunguka kwa ubavu, na mmoja ameuliza kama tunauza. Ukuta uko wazi, udongo mtupu. Mvua ya kwanza ilinyesha, na ya pili. Kila akivuta pumzi tulitega masikio. Alipiga chafya tu, Baba akasimama.

Jumapili iliyopita, mvua ikigonga bati, Baba alimpigia bibi, akaweka sauti tusikie wote.

"Mama, mtoto hakohoi. Anabaki."

Nilijua bibi alikuwa ameshamtandikia kitanda.

"Mungu asifiwe," akasema. "Basi nileteeni yule mkubwa asiyeongea. Kwa huyo angalau nitasikia redio yangu."

Mdogo wangu alicheka mpaka akajilaza magotini kwangu, na kicheko chake hakikuisha kwa kikohozi.