Futi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu wa Matulo ndiye aliyenieleza kwanza kwamba futi tunayonunulia mbao ni neno la Kiingereza la wayo wa mtu, na kwamba Wazungu hulitumia hata kwa pale chini Mlima Elgon unapoanzia.

Wiki jana alikuja Kitale kuninunulia mbao za paa la jiko, nami nikaandamana naye dukani na mtoto wangu. Zikipungua, paa halitafika ukutani. Muuzaji akavuta tepu. "Futi kumi na mbili, kukhu," akasema, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

Mama akavua viatu, akatembea juu ya ubao, kisigino kikigusa kidole. Wateja wakacheka.

"Hapa tunapima na tepu, bana, si na miguu!" muuzaji akasema.

"Futi kumi na mbili ni nyayo zangu kumi na tano. Hapa nimepata kumi na nne, tena kasoro. Si unionyeshe mwanzo wa hiyo tepu?"

Akaionyesha. Ilikuwa imekatika, ikianzia futi moja. Kicheko kikaisha, naye akaenda kututafutia mbao ndefu. Mimi, niliyekuwa nimeinamia mtoto kwa aibu, nikawaambia wote kwa sauti, "Huyu ni mama yangu."

Tepu hukatika, wasomaji, lakini sijaona mtu aliyesahau nusu ya wayo nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilivua viatu, nikatembea juu ya ubao mmoja wa futi kumi na mbili, mara mbili ili nisikosee, kisha nikaandika hesabu ya nyayo zangu kwa chaki nyuma ya mlango: kumi na sita.