Ngamia wa Watu Watatu

Mwalimu mkuu alikuwa na kanuni isiyobadilika: jibu lenye kosa, viboko vinne, jibu lisilokamilika, sita. Mwanafunzi alilazwa kwenye benchi la mbele, wenzake wawili wakamshika mikono na miguu, na henzirani ikafanya kazi yake. Mimi nilikuwa msaidizi wake pale Garissa, mgeni kutoka pwani, nikifundisha hesabu darasa la tatu.

Aliyepigwa kuliko wote alikuwa mvulana wa Elwak, mkubwa kuliko wenzake. Tarakimu tupu hazikumshinda. Hesabu za mafumbo ndizo zilizomtoa damu. Fumbo la wiki ile lilisema wanaume watatu wamefika kisimani, mmoja na ngamia kumi, wa pili kumi na watano, wa tatu ishirini. Je, wote ni wangapi? Kwenye kibao chake aliandika 10, 15, 20, akaishia hapo. Akapigwa sita. Kesho yake aliandika vilevile, akapigwa juu ya majeraha ya jana, hata kaptura ikagandana na ngozi.

Siku hiyohiyo ami yake aliwasili na mkuki. Baba wa mvulana alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia, na ndugu walikuwa wakikusanya watu wa kwenda kulipiza; ami alikuja kumchukua mvulana.

"Ijumaa nitampa mafumbo matatu," mwalimu mkuu alimwambia. "Akikosa hata moja, mchukue. Akipata yote, anabaki."

Ami akacheka. "Basi mimi nangoja. Huyu hapati."

Baada ya masomo nilikaa na mvulana, nikamuuliza kwa nini hajumlishi.

"Ngamia ya watu tatu haiwekwi pamoja, maalim. Kila mtu na alama yake. Ukiweka pamoja, mtu anakufa."

"Hujawahi kuwaona pamoja?"

"Siku moja."

Akanieleza. Baba yake alikuwa ndani ya kisima akipandisha maji wavamizi walipofika. Walimtupia mawe mpaka akazama. Mwenye kundi la pili walimchinja penye hori la kunyweshea. Wa tatu alikimbia huku mkono wake ukining'inia. Kisha wakawaswaga wanyama wote njia moja.

"Walikuwa wangapi?"

"Ya baba ishirini na tisa, ya jirani kumi na sita, ya yule mzee ishirini na tatu." Akafumba macho. "Sitini na nane." Hakutumia kidole wala kijiti.

Nikafanya jambo ambalo sijivunii. Kila fumbo nililigeuza kuwa uvamizi. Wenye maduka watatu na magunia yao tuliwaua wote. Wauza mayai tuliwaua. Kwa siku mbili hakuna mtu aliyebaki hai katika kitabu cha mafumbo, na mvulana hakukosea hata mara moja.

Ijumaa ami alisimama dirishani. Mafumbo mawili ya kwanza mvulana aliyajibu upesi. La tatu: wanawake watatu wameleta maziwa sokoni, vibuyu vinne, saba na tisa. Jumla?

Akanitazama mimi. "Mwanamke hauawi, maalim."

"Nani amesema auawe?" mwalimu mkuu aliuliza, akamlaza kwenye benchi. Kiboko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ami alikuwa akitabasamu. Cha nne kilipasua ngozi.

"Wamekimbia," mvulana alisema, mdomo ukiwa umebanwa kwenye ubao wa benchi. "Wameacha maziwa. Ishirini."

Mwalimu mkuu alibaki ameinua henzirani. Kisha akaishusha, akaandika alama ya kupita.

Nilitoka nje kumwambia ami kwamba mvulana anabaki. "Nimesikia," alisema, akanipiga mdomoni kwa mpini wa mkuki. Nilipoinuka, nikitema damu na kipande cha jino, alikuwa ameshafika barabarani, akielekea kaskazini peke yake.