Diski ya Pili Kutoka Kushoto

Mimi hasira zangu ziko karibu, na asubuhi ile niliamka nazo. Wiki nzima nilikuwa nimezunguka Kariakoo nikitafuta diski moja tu ya kompyuta, na kila muuzaji aliapa anayo mpaka nilipomwambia afungue boksi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, kipya kwa chakavu, na mtu aliyekuwa jana anauza vitenge leo anauza mashine asiyojua hata inawashwaje. Mmoja wa Mtaa wa Msimbazi aliniuzia diski iliyoandikwa vilevile kama ninayoitaka. Kuipima, kumbe ni ndogo kwa kiduchu! Kwa kazi yangu kiduchu hicho ni balaa, maana diski ya kuziba pengo la mwenzake aliyekufa ikipungua hata punje, mashine inaikataa. Nilirudi nikamgombeza mpaka wateja wake wakaondoka. Iliyo sahihi niliipata siku ya sita, Posta, kwa fundi mwenzangu aliyekuwa ameificha kabatini kwake.

Mteja wangu alikuwa na ofisi ya kuchora kanga Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo. Alikuwa mama mjane wa Kihindu, na watu wote pale tulimwita Ba, ndiyo mama kwa Kigujarati chao. Alizaliwa mtaa uleule, na Kiswahili chake cha mjini kilinishinda mimi niliyekuja na basi kutoka Lindi. Kanga zilichorwa pale, kisha michoro ikapelekwa kwa wenye viwanda ikachapwe.

Aliyezichora alikuwa mtu mmoja, mzee wa kwetu kusini. Zaidi ya miaka thelathini alichora pindo, akachora mji wa kati, akaacha nafasi ya jina, akaanza nyingine. Halafu presha ya macho ikamla, jicho moja kwanza, la pili baadaye, na wakati ninaousema alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Lakini kila siku alikuja, akakaa kwenye kiti chake kilekile. Ba hakuwa na moyo wa kumwambia abaki nyumbani, na mimi nilidhani ni mazoea tu ya uzee.

Michoro yake yote, mamia kwa mamia, ilikuwa imepigwa picha karatasi kwa karatasi na kuhifadhiwa ndani ya kabati dogo la chuma lenye diski tano. Kabati hilo nililifunga mimi. Nilimweleza Ba kwa majivuno, kifua mbele, kwamba diski hizi zinabebana: ikifa moja, nne zilizobaki zinajua kilichokuwa ndani yake, unachomoa mfu, unachomeka mpya, zenyewe zinamjaza. Na nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyeniomba. Nilitazama yale makabati ya karatasi zake alizochorea, yaliyojaa mpaka darini, nikasema, "Ba, karatasi hizi zinakufugia mende tu." Haikupita wiki karatasi zote zikauzwa kwa kilo, wakafungia karanga Kariakoo nzima.

Sasa diski moja ilikuwa imekufa. Nne zilikuwa zinabeba, sawa, lakini nilichokuwa sijakisema kwa sauti siku ile ya majivuno ni kwamba ikifa ya pili kabla ya pengo kuzibwa, basi. Hakuna mchoro hata mmoja unaobaki, na karatasi hakuna, na mkono uliochora hauwezi tena.

Siku niliyoitwa mara ya kwanza nilizima mashine, nikatoa diski moja moja na trei zake, nikampata mfu. Niliandika kwenye daftari namba iliyobandikwa chini ya trei yake, kisha nikafanya ninavyofanya siku zote: nikatoa kichupa cha rangi ya kucha mkobani, nikamtia doa jekundu mbele. Mafundi wenzangu wanaume walikuwa wananicheka kwa hilo. Nafasi yake kwenye safu sikuiandika. Doa lipo, niandike ya nini?

Nikarejesha zote, nikawasha, nikaenda kutafuta diski. Katikati ya wiki hiyo ikaingia Diwali.

Nilirudi saa nne asubuhi. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, mwanangu, umeipata?" Nikasema nimeipata. Ofisi ilinukia udi, sakafu imesuguliwa, maua ya njano yametandazwa hata juu ya kibodi. Ba alikuwa amesimama nyuma yangu amekunja mikono.

Kwanza nilitaka kuweka nakala, maana ndiyo inavyotakiwa, kabla hujagusa kitu weka nakala. Mashine ya kanda za nakala ilikuwa imeharibika tangu masika, na kompyuta ya mezani ilikuwa na nafasi ya michoro michache mno. Nikamuuliza mzee nianze na ipi.

"Zote nimezichora mimi," akasema. "Kwa nini unanipa mtihani huo?"

Nikachukua zile za juu bila kuchagua, nafasi ikajaa mara moja. Nikasema heri nimalize haraka, umeme wenyewe wa mgao. Nikapiga magoti mbele ya kabati. Doa jekundu lile pale, diski ya katikati. Nikabana kitasa cha trei kwa kidole gumba, nikaanza kuvuta.

Kidole kikatoka chekundu.

Nilikitazama kile kidole. Rangi ya kucha ikishakauka haitoki, hata ukiisugua kwa sabuni. Hii ilikuwa unga. Nikaachia kitasa taratibu.

"Ba," nikasema, "nani kaweka rangi hapa?"

"Mimi. Siku ya ibada. Vitabu vya duka tunavipaka, na mashine tunazipaka, ndizo zinazotulisha. Hiyo ya katikati si ndiyo moyo wake?"

"Na doa lililokuwepo?"

"Lile la mwaka jana? Nimelikwangua kwa kisu. Utawekaje baraka mpya juu ya uchafu wa mwaka jana?"

Mama yangu! Ningemgombeza nani? Alifanya alivyofundishwa na mama yake, na kila mwaka kabla ya Diwali wao husugua mpaka vitasa vya milango. Mpumbavu nilikuwa mimi, niliyeacha alama nyekundu kwenye nyumba ya watu wanaopaka nyekundu. Diski ya katikati ilikuwa hai. Ningevuta inchi moja tu zaidi zingebaki tatu, na tatu hazibebi kitu. Nilikaa sakafuni, Ba akadhani nimeteleza.

Nikaiuliza mashine. Skrini ikajibu kwamba aliyekufa ni namba moja. Hapo ndipo mtu wa nje anapoweza kucheka, kwa sababu mashine zile zilianza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo namba moja ni wa pili. Wa pili kutoka wapi? Kushoto au kulia? Nyaya za ndani zilikuwa kazi ya wenye kiwanda, sikuwahi kuzichunguza. Taa za mbele, za kuonyesha diski ipi ni hai, zilikuwa zimekufa zamani. Kuzima mashine nikatoe moja moja kama mara ya kwanza nilikuwa naogopa, kwani nilipoweka sikio niliisikia mojawapo ya zile hai inakwaruza. Diski inayokwaruza ukiizima, huenda isiamke.

Ilibaki njia moja, kugusa. Diski hai inazunguka, inatetemeka kidogo na ina joto. Mfu ametulia. Nikafungua mchoro mkubwa ili zote zifanye kazi, nikaweka vidole juu ya trei ya pili kutoka kushoto. Inatetemeka. Nikahamia ya pili kutoka kulia. Inatetemeka. Nikagusa ukuta, na ukuta ukatetemeka. Ilikuwa mikono yangu, jamani, na kwa jasho lake hata joto na baridi sikuvitofautisha. Nilijiambia nitulie, nikavuta pumzi, nikajaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu.

"Kuna nini?" mzee akauliza kutoka kitini.

Nikamwambia yote. Kwamba kuna diski tano, mmoja kafa, nikimvuta asiye mfu kazi yake yote imekwenda, na mikono yangu haisemi kweli. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie, nikamwongoza mpaka kabatini, akachuchumaa kwa shida huku Ba akimshika bega.

Sikumwambia nadhani ni yupi. Nikaweka vidole vyake kwenye trei ya kwanza. Akakaa muda mrefu hata nikataka kumsukuma. Akahama mwenyewe. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Akarudi mwanzo, akapita tena.

"Huyu wa pili kalala," akasema. "Wa baridi huyu. Na huyu wa mwisho anaumwa, ana kwikwi."

"Una hakika, mzee?"

"Mwanangu, mimi sina kingine kilichobaki ila hivi vidole."

Wa pili kutoka kushoto. Jibu lake lililingana na skrini, kama mashine ilihesabu kutoka kushoto. Kama. Uthibitisho wa kweli ulikuwa chini ya trei, na kuuona lazima uivute. Nikamtazama Ba, Ba akafumba macho. Nikabana kitasa, nikavuta.

Mashine haikulia. Mchoro ulikuwa bado uko kwenye skrini, nikafungua mwingine, ukafunguka, nikafungua wa tatu. Ndipo nikageuza trei nikasoma namba, nikailinganisha na daftari tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti, na Ba akizirudia nyuma yangu. Ilikuwa yenyewe. Nikachomeka mpya, nikaagiza ijazwe.

Watu hudhani hapo ndipo hofu inaisha. Wapi! Hapo ndipo zile nne zinapofanyishwa kazi kuliko siku yoyote, kusoma kila chembe ili zimjaze mgeni, na ya mwisho ina kwikwi. Asilimia moja. Asilimia mbili. Nilikaa mbele ya ile namba, chai ya Ba ikapoa, wali ukaletwa ukarudi. Saa nane umeme ukakatika. UPS, lile betri la kushikilia, likaanza kupiga kelele, na mimi nikawa naomba dua zote ninazozijua na nyingine ninazitunga. Ba alishuka ngazi akipiga kelele kwa mwenye duka la vyombo, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu mwaka juzi, akamwomba waya wa jenereta yake. Mwenye duka akautoa palepale. Tukavuta waya kupitia dirishani, kelele zikakoma.

Asilimia arobaini. Diski ya mwisho ikakwaruza kwa sauti, namba ikasimama. Nikahesabu mpaka mia moja na kumi, nikafikiri nitawaambia nini, nikafikiri kuhama mji. Ikasogea. Mzee alikuwa ameweka kiti chake kando ya kabati na kidole chake kikiwa juu ya ile trei mgonjwa, na kila nilipoanza kuhema alisema tu, "Bado anazunguka."

Saa kumi na moja jioni ikafika mia. Nilikagua michoro mmoja mmoja, ukurasa kwa ukurasa, ikawa mizima yote. Ba alilia wazi wazi, kisha akaanza kutugawia peremende za Diwali kwa mikono miwili huku akinitukana kwa upendo kwamba nimemwondolea miaka kumi ya maisha. Nilicheka kama mwehu. Nilimwambia kesho nitaleta diski nyingine nimwondoe na yule wa mwisho, na safari hii nitaandika nafasi.

Kisha nikamwita mzee. Nilitaka afurahi na yeye. Nikafungua mchoro wake mmoja mpaka ukajaa skrini, nikamshika mkono nikauweka juu ya kioo.

"Huu hapa, mzee. Pindo lina korosho, mji una jua. Uko chini ya kiganja chako."

Akapitisha vidole polepole, kutoka ukingo mpaka ukingo, kama alivyofanya kwenye trei. Akarudia.

"Kioo kitupu," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alinieleza tu, kama mtu anayeeleza kazi yake, kwamba alikuwa anachora kwa kukandamiza penseli sana, tangu ujana, mpaka karatasi inabonyea. Macho yalipokufa alikuwa anafungua makabati akitoa karatasi moja moja na kuzipapasa, akizijua zote. Ndicho kilichokuwa kinamleta ofisini.

Ba aliacha kugawa peremende. Nikasema kwa sababu ilibidi niseme, "Mzee, aliyemwambia Ba aziuze ni mimi."

"Najua, mwanangu," akasema, mkono wake bado uko juu ya kioo. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nikadhani na huko mnakozipeleka kutakuwa na pa kushika."