Fundi Jacktone na Gitaa Lisilosikika

Ukisimama karibu na spika kubwa pale Eldoret, iwe ya mkutano wa injili au ya rege ya Jumapili, ukahisi kifua kinatikisika, basi kuna uwezekano mkubwa sanduku hilo lilitoka Kiplombe kwa Jacktone Oyugi. Ametengeneza masanduku kama hayo kwa miaka thelathini na moja. Hukata mbao mwenyewe, besi huiweka chini, twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, juu, halafu hufanya kile kilichompa jina: huketi kwenye kigoda mbele ya spika, huweka wimbo wa rege, na huzungusha vitufe mpaka kila chombo kikae mahali pake. Wateja wake wakubwa ni makanisa. Hakuna mchungaji aliyewahi kulalamika kwamba spika za madhabahuni zimepimwa kwa sauti za Marasta. Pengine hakuna aliyeuliza.

Kwa Jacktone huambiwi bei kabla ya kupewa historia. Atakueleza jinsi maskini wa Kingston kule Jamaika, wasio na redio wala nauli ya kwenda kumbi za wenye nazo, walivyopanga spika uani mtaa mzima ukacheza. Atakueleza jinsi ska, muziki wao wa mbio, ilivyopunguza mwendo hadi mwishoni mwa miaka ya sitini ikawa rege, jinsi vibarua waliohamia Uingereza walivyoisafirisha, na jinsi Bob Marley alivyokuja kuimba Zimbabwe ilipopata uhuru. "Na sisi huku tukaisikia kwa redio, tukafikiri wanaimba juu yetu," husema, akigonga meza. Halafu hufika pale anapopapenda. "Muziki zingine zinapiga pale mguu inashuka. Rege, gitaa inapiga pale mguu iko juu. Toa hiyo gitaa, unabaki na watu wanachimba shimo."

Sasa gitaa lilikuwa limetoka. Tangu Disemba Jacktone alisikia besi, alisikia ngoma, alimsikia mwimbaji kama mtu anayeongea chumba cha pili, lakini ule mkwaruzo mwembamba wa gitaa haukuwapo. Kwanza alilaumu twita, akafungua tatu zilizokuwa nzima. Akalaumu waya. Akalaumu baridi ya Uasin Gishu, ambayo amekaa nayo tangu atoke Siaya bila kugombana nayo. Alikuwa haketi. Alizunguka karakana akichomoa waya hii na kuichomeka pale, akawasha, akazima, akatoka nje, akarudi. Nyumbani mkewe, Akumu, alimwambia mara mbili aende akapimwe masikio, na mara mbili akajibu kwamba TV ndiyo mbovu. Sikio la kufa halisikii dawa, na safari hii methali ilikuwa imempata mwenyewe.

Kilichomnyima raha hakikuwa ugonjwa. Wazee huzeeka, hilo alilijua. Lakini fundi wa spika asiyesikia ni nani? Siku watu watakapojua, hakuna atakayemletea hata redio ya jikoni, na jina la miaka thelathini na moja litakwisha kwa wiki moja. Aliogopa, basi. Aliogopa kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni, na kila asubuhi akavisukuma vipande chini ya kabati.

Mtu mmoja tu alifanya kazi naye: Jebet, mwanamke wa miaka ishirini na tisa kutoka Burnt Forest. Miaka sita nyuma alikuja kununua spika ya kwaya yao, akasikilizishwa historia, akasahau kuondoka. Jebet aliona kwamba masanduku ya siku hizi yanatoka yakilia kwa ukali. Usiku kabla hajafunga aliyarekebisha kimyakimya, na hakusema kitu. Kwao mtu hamwambii mzee kosa lake usoni.

Ndipo Ooko akaja na kazi. Huyu Ooko huandaa siku ya rege kila mwaka, uwanjani, mchana kutwa, watu wakija na watoto na viti vyao. Safari hii alitaka spika kumi na mbili zipimwe palepale uwanjani. "Watu wa Nakuru walitaka kuniletea mtu wa kupima na laptop," alisema. "Nikawaambia tuko na Mzee Jack."

Jumamosi saa nne asubuhi Jacktone alikuwa amesimama nyuma ya miksa, ile meza ya vitufe vya sauti, jasho linamtoka ingawa jua halijawa kali. Wimbo uliwekwa. Besi ikaja, nzuri, nzito. Gitaa halikuja. Akapandisha kitufe. Halikuja. Akapandisha tena. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mahindi ya kuchoma aliziba masikio kwa mikono yote miwili. Mtoto akaanza kulia. Jacktone akakimbilia spika ya kwanza, akatikisa waya, akakimbilia ya sita, akarudi, mkono ukaenda kwenye kitufe kilekile.

Jebet akauzuia mkono huo.

Wakatazamana. Jacktone angeweza kumfokea, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Badala yake aliinama karibu naye. "Jebet. Gitaa inalia?"

"Inalia sana, Mzee. Inaumiza watu."

Jacktone akamgeuzia mgongo, akashika kitufe. "Nipigie hapa kwa bega, kila ikilia. Ikikaa sawa, bonyeza."

Basi Jebet akapiga kwa kidole kimoja begani, pale mguu uko juu, pale mguu uko juu, na Jacktone akashusha polepole. Spika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho aliyafumba. Kufika ya saba alikuwa anatingisha kichwa, na mama wa mahindi alikuwa anakata kiuno bila kujua. Walipomaliza ya kumi na mbili sauti ilikuwa imesawazika uwanja mzima, kila chombo mahali pake.

Ooko alikuja mbio, ametanua mikono. "Mzee Jack! Wewe ni noma! Mwaka ujao ni wewe tena, hata sina haja ya kuuliza."

Neno la kumwokoa lilikuwa hapo hapo: asante. Hakuna mtu angejua.

"Sio mimi," Jacktone alisema. "Ni yeye ndio amesikia. Mimi gitaa siisikii tangu Disemba."

Ooko akacheka, akidhani ni unyenyekevu wa wazee. Halafu akautazama uso wake, kicheko kikaisha. Alimtazama Jebet. Alimtazama tena Jacktone, akaona aibu, akatoa simu mfukoni. "Pole, Mzee," alisema. Kisha kwa Jebet, taratibu: "Namba yako ni gani?"

Jebet alimtazama mzee kwanza. Jacktone ndiye aliyeitaja namba hiyo, tarakimu moja moja, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.