Jina Zima la Orlene Tackett

Orlene Tackett hakuwahi kumaliza mwaka katika shule moja. Si kwamba alikuwa mtoro. Baba yake alikuwa mtu wa kufuata mavuno: stroberi zikiiva wako kusini, cheri zikiiva wako bondeni, matofaa yakiisha wanafunga magodoro juu ya gari, wanahama. Shule hii ilimwacha kwenye herufi ya G, ile iliyofuata aliwakuta wenzake wanasoma hadithi. Mwalimu mmoja alimkalisha nyuma akamwambia achore paka. Akachora paka. Alipotimiza miaka kumi na mitatu aliona paka wametosha, akaingia banda la kuchambua matofaa, na humo hakuna aliyemzidi. Tunda likimpitia mbele alilijua kwa jicho moja kama lina mdudu moyoni. Wenye shahada zao walikuja kumuuliza yeye.

Mumewe, Delbert, ndiye aliyekuwa macho yake kwenye karatasi. Ndiye pia aliyemfundisha kutia sahihi, siku walipokwenda kujiandikisha kupiga kura: duara, mkia, kisha mstari unaopanda na kushuka kama mlima. Orlene alilichora duara hilo na mlima wake miaka hamsini na ushei, benki, hospitali, na kwenye kila bahasha ya kura.

Maana kwao kura huja kwa posta. Mnaketi nayo mezani na kahawa yenu. Delbert alisoma majina kwa sauti, Orlene akachagua, Delbert akaweka kidole penye kupakwa wino. Mara nyingi hawakupatana.

"Una hakika kidole kiko kwa mtu wangu?"

"Mwanamke, huniamini?"

"Nakuamini. Ila huyu wewe humpendi."

"Simpendi hata kidogo. Huoni kidole kinavyotetemeka?"

Delbert alipofariki, kura iliyofuata ilikaa mezani mpaka siku yake ikapita. Binti yao, Twyla, alitaka kumsomea.

"Baba yako nilimwamini kwa sababu nililala naye kitanda kimoja maisha yangu yote," Orlene akamwambia. "Wewe nimekuzaa tu."

Akaenda maktaba, kwenye darasa la kusoma la watu wazima. Miaka sabini na sita, kila Jumanne, benchi moja na vijana wachuma mapeasi waliotoka Meksiko. Walimcheka, naye akawacheka. Mwaka wa pili akawa anasoma. Polepole, kidole mbele na midomo nyuma, lakini anasoma.

Vuli ile kukaja uchaguzi wa Katibu wa Jimbo, yule anayesimamia chaguzi zote za jimbo. Watu wengi huuruka mstari huo. Wanaona ni kazi ya makaratasi, haina utamu. Orlene hakuuruka. Kijitabu cha wagombea alikisoma siku tisa. Walikuwa wawili. Garland Stroud alijaza ukurasa mzima kwa maneno marefu kama treni ya mizigo. Philippa Nyquist aliandika mistari minne: amefanya nini, na atafanya nini. Orlene akampaka wino Nyquist. Anayeijua kazi yake hana maneno mengi.

Kisha ikabaki bahasha. Duara na mlima hakuchora. Aliandika jina lake zima, Orlene Mae Tackett, herufi zote zimeshikana mikono, hata ile K iliyomtesa miezi miwili. Akaipeleka posta mwenyewe kwa miguu.

Alhamisi moja baada ya uchaguzi ikaja barua. Aliifungua peke yake, akaisoma bila msaada, mara ya kwanza maishani mwake kusoma barua hivyo. Ilisema sahihi iliyo kwenye bahasha hailingani na ile iliyo kwenye daftari la wapiga kura, na asipoirekebisha kabla ya Jumatatu jioni kura yake haitahesabiwa. Akairudia mara tatu, akiomba awe amekosea kusoma. Hakukosea.

"Si kitu, Mama," Twyla akasema. "Fomu hii hapa. Chora lile duara lako turudishe, kwisha habari."

"Sichori."

"Dakika moja tu, Mama!"

"Nilipokuwa sijui kuandika walinikubali. Leo najua, wananiambia mimi si mimi. Nikichora, nimewakubalia."

"Basi kura itatupwa."

"Itupwe."

Ulimi ulisema itupwe, moyo ulikataa. Siku ile aliosha madirisha ambayo alikuwa ameyaosha juzi. Ijumaa akayaosha tena. Jumamosi alitoa kijitabu cha wagombea kwenye droo, akasoma ile mistari minne, akakirudisha. Jumapili kanisani hakuimba. Jumatatu asubuhi Twyla alitoka nje akamkuta keshaketi garini, amevaa koti lake la maziko.

"Tunakwenda wapi, Mama?"

"Unajua. Washa gari."

Katika ofisi ya uchaguzi alikuwepo Noreen Pruitt, ambaye utotoni alikuwa akija kuiba cheri kwa akina Tackett. Orlene alikuwa amejiandaa kwa vita njia nzima, lakini huwezi kupigana na mtu uliyemfuta kamasi.

"Bi Orlene, njia ziko mbili," Noreen akasema. "Tia sahihi kama ya zamani, ipite. Au nionyeshe kitambulisho, utie hii mpya, nami niiondoe ile ya zamani. Daftari linabeba moja tu."

Akageuza kioo cha kompyuta ili Orlene aione. Duara lilikuwa limepinda. Mlima ulikuwa umenyooka kuliko duara, kwa sababu siku ile Delbert aliushika mkono wake kuanzia pale mkia ulipoanzia, na wino ulikuwa mzito palipokutana mikono miwili. Orlene hakuwa ameiona tangu siku ile.

"Ukiiondoa inakwenda wapi?"

"Kwenye majalada ya zamani. Haipotei. Ila haitakuwa wewe tena."

"Mama," Twyla akasema taratibu, "ukichora ile ya Baba hakuna atakayekucheka. Baba mwenyewe angefurahi."

"Baba yako angekasirika. Alinifundisha hiyo kwa sababu cheri zilikuwa zinaiva, hatukuwa na muda. Alisema wakati wa baridi tutaendelea na herufi nyingine."

"Mkaendelea?"

"Nikakuzaa wewe."

Orlene akachukua kalamu. Ile O ilitoka vizuri, lakini alipofika kwenye Mae akaanza kuikimbiza kalamu.

"Usiharakishe, Bi Orlene. Nafunga saa kumi na moja jioni."

"Sasa hivi saa nne asubuhi."

"Ndiyo nakwambia usiharakishe."

Hapo Orlene akacheka, na kicheko kikautuliza mkono. K ikasimama wima kwa miguu yake yote. Noreen akaiweka fomu kando ya bahasha, akazitazama kwa makini kama mtu anayelinganisha pacha wawili.

"Mkono mmoja," akasema. "Imepita."

"Nataka kuona ikipita."

Noreen akampeleka kwenye ukuta wa kioo wa chumba cha kuhesabia kura, pale raia wanaporuhusiwa kusimama na kutazama. Ndani mwanamke mmoja aliipasua bahasha ya Orlene, akampa mwenzake karatasi ikiwa imekunjwa, naye akaiweka kwenye rundo na nyingine. Bahasha ikaenda kwenye sanduku jingine, na jina zima juu yake.

"Mbona jina langu linabaki kule?"

"Kura haina jina. Sasa hivi hata mimi siwezi kukuambia yako ni ipi."

"Noreen! Siku nne nimegombana na serikali kwa ajili ya hilo jina, nanyi mnalitia kwenye sanduku?"

"Jina ni la mlangoni, Bi Orlene. Ukishaingia, unakaa sawa na wengine."

Orlene akalitazama lile rundo. Karatasi zote nyeupe, zote zimekunjwa vilevile. Mwanamke yule akalinyanyua kwa mikono miwili na kulipeleka kwenye mashine.

"Twende, Mama?" Twyla akamgusa bega.

"Ngoja," Orlene akasema. "Yangu siijui. Nitazisindikiza zote."