Mpangaji Wetu na Sindano

Mpangaji wetu anasomea uuguzi hapa Newala. Kila jioni hukaa barazani akiyachoma mabibo ya mkorosho kwa sindano ya maji ili mkono uzoee, na kila bibo huliambia taratibu, "Pole mama, tayari." Tukimenya mihogo hutufundisha homa ya ini B: inakaa kwenye damu, kula sahani moja hakuiambukizi, na chanjo ipo. Huyasema kwa raha utadhani anasimulia harusi. Juzi nilimpeleka mwanangu Mudathiri kliniki kuchanjwa, nikamkuta mpangaji wetu kwenye foleni ya wanafunzi. Mwanafunzi asiyechanjwa homa ya ini haingii wodini. Alipoiona sindano akajificha mgongoni kwangu.

"Mama Mudathiri, nishike, nakufa mwenzio!"

"Si wewe unayetufundisha?"

"Kufundisha hakuna sindano!"

Mudathiri alichomwa, akalia kidogo, akanyamaza. Mpangaji wetu hata hajaguswa alishapiga yowe, kinamama tukacheka mpaka machozi. Nesi akamchoma, akamwambia amemaliza.

"Basi? Ndiyo hiyo tu?" Akajifuta macho, akaenda kumshika mkono mwanafunzi wa nyuma yake, kijana mrefu aliyekuwa anatetemeka.

"Njoo, kaka. Nitazame mimi."