Magunia ya Kahawa kutoka Moshi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa nimekaa miezi sita tu hapa Stockholm. Nilikuja kujifunza biashara ya kahawa, nikapangiwa ghala moja bandarini, kwenye meza ya waonja kahawa. Bandari ile ilinishangaza: winchi zikinyanyua mizigo, wala hakuna anayeimba kazini. Na kahawa ya kwetu, ile aliyoianika mama yangu kwa mikono yake, watu wakiinywa kutwa bila kujua inaota wapi.

Siku hiyo yalishushwa magunia ya Moshi yaliyoota ukungu. Msimamizi wetu akacheka. "Waafrika wametuletea kahawa isiyokauka." Akanigeukia. "Si ndivyo mnavyofanya kwenu?"

Nami, mwanangu, nikacheka naye. Nilitaka kupendwa. Akaketi kuandika barua ya kuyakataa.

Mzee Salehe alinisikia. Alikuwa baharia wa Tanga aliyezeekea gatini pale, mtu wa maneno machache. Akanivuta kando.

"Binti, umemcheka mama yako. Mkataa kwao mtumwa."

Yalinichoma kuliko baridi. Nikarudi ghalani, nikayakagua magunia. Yalilowa upande mmoja tu. Nikaonja ile katani ya gunia kwa ncha ya ulimi: chumvi! Nikachukua kisu, nikapasua gunia moja katikati, mbele ya wote. Punje zikamwagika kavu, zikilia sakafuni kama changarawe.

"Haya ni maji ya bahari," nikasema kwa Kiswidi changu cha kuokoteza. "Wakulima walikausha. Meli ndiyo iliyovuja."

"Nani amekuruhusu kupasua gunia?" akafoka msimamizi.

"Hakuna. Onja hili gunia."

Akaonja, uso ukamwiva. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Barua ikachanwa, nyingine ikaandikwa kwa wenye meli. Mimi, kwa kupasua gunia bila ruhusa, nikaondolewa kwenye meza ya waonja kahawa, nikapewa ufagio hadi theluji ikayeyuka. Nilifagia kichwa juu. Sikuomba radhi, na hata leo siombi.

Mwanangu, najua utanijibu kwa Kiswidi. Sawa, mradi umenisikia. Kwenu kukitukanwa, usicheke ili ukaribishwe kiti. Uchunguze ukweli kwanza, kisha useme, hata sauti ikitetemeka. Watakunyima meza, heshima hawana ya kukunyima, maana si wao waliokupa.

Haya, nenda. Mungu akupe ulimi usioogopa, akuhifadhi ughaibuni, na waliokuzaa wasikuonee haya kamwe. Amina.